Oili ya Gari la Marehemu, Bagamoyo Mpaka Pangani

Mashoga zangu, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande chake cha habari, mpaka sasa nasikia mjini kwamba nilikokotwa na trekta, nilikoswakoswa na simba na nimeolewa Saadani. Sikukokotwa. Simba sikumwona hata mkia. Hilo la kuolewa nitalieleza mahali pake. Naandika mara moja, mpitishiane karatasi, kisha mniache nipumzike.

Gari mnalijua. Jekundu, milango miwili, limeinama mpaka ukikaa ndani unatazamana na kuku, na taa zake za mbele hulala ndani ya boneti na kuamka ukibonyeza swichi. Marehemu mume wangu, Kombo, alilipata tungali vijana, akalipenda kwa namna ambayo mke mwingine angedai talaka. Kuliendesha alinifundisha mwenyewe na niliendesha sana. Kufungua boneti ndiko alikonikataza. Mambo ya oili na maji alisema ni yake, nami sikubishana, kwa sababu yangu ya jikoni naye hakuyaingilia.

Alipofariki nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, na gari nalo likakaa eda chini ya turubai uani. Siku ya tatu baada ya kutoka, simu ikaita kutoka Pangani. Alikuwa shemeji Mbwana, mdogo wake marehemu. Akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya magoti, kisha akasema ukoo umekaa. Hawana neno na nyumba, hawana neno na shamba. Neno lao ni gari.

"Shemeji, lile si gari la mwanamke. Ile injini inataka mtu."

"Na mimi ni nini, shemeji?"

"Wewe ni mwalimu."

Nimefundisha miaka thelathini na sikuwahi kusikia neno hilo likitumika kama ugonjwa. Nikamwambia nitaliendesha mwenyewe mpaka Pangani, walione. Akasema vema, ila kwa sharti: lifike kwa magurudumu yake, bila kamba, bila moshi. Likifika hivyo ni langu, wala hakuna atakayefungua mdomo tena. Likifika linavutwa, linabaki Pangani kwake. Na shahidi atakuwa wifi Zuhura, dada yao mkubwa, jirani yangu wa mtaa wa pili, atakayekaa kiti cha mbele na simu mkononi.

Nilikubali kwa hasira. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba tangu msiba sijaliwasha.

Uani kwangu

Nilivua turubai, nikakaa, nikawasha. Likawaka mara ya pili. Furaha yangu ilidumu kama dakika moja, kisha nyuma ukatoka moshi wa buluu, mzito, ukafunika kamba ya nguo na nguo zake. Chini ya injini matone meusi yakaanza kuhesabiana kwenye sakafu.

Kabla moshi haujapungua, uani kulikuwa na watu tisa. Mwajua mji wetu. Ukiumwa na kichwa wataleta dawa tatu. Ukiwa na injini mbovu wataleta rai kumi na mbili. Swali lilikuwa moja tu, kila aingiaye analirudia: "Kuna oili gani humo?"

Kinyozi alisema gari la mbio linataka oili nyepesi, ile ya tano-thelathini, kwa kuwa mbio na uzito havikai pamoja. Naibu imamu, mtu mpole sana, akasema kwa gari lililokula miaka ni nzito, ishirini-hamsini, na kwamba wepesi huja na majuto. Muuza madafu, ambaye tangu nimjue hajamiliki hata baiskeli, alisema siri ni kutochanganya kampuni, na alilisema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu anasikiliza ukutani. Mabishano yakafika pale ambapo kinyozi alimwambia naibu imamu ashike dini yake, na naibu imamu akamwambia ashike wembe wake.

Ndipo akaja fundi Shomari, aliyelihudumia gari hili tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Akainama, akanusa lile tone chini, akalipaka kidoleni.

"Imekuwa maji maji hii," akasema. "Moshi unatoka kwa sababu inapenya. Tuongeze nzito kidogo, izibe."

"Si tupime kwanza iliyomo?" nikauliza. Niliuliza tu kwa kuwa hata uji nisiouona siuongezi sukari.

Shomari akatazama pembeni. "Iliyomo naijua, Mwalimu. Ipo. Hiyo niachie mimi."

Naibu imamu naye akadakia kwamba ipo, bila shaka ipo. Kinyozi akaunga mkono. Nikaona ajabu watu waliokuwa wakigombana sasa hivi wanakubaliana haraka hivyo, lakini nikadhani ni heshima ya mjane. Shomari akamimina nusu lita ya ishirini-hamsini. Moshi ukazidi. Akasema hiyo ni ya zamani inatoka, ikiisha utaona.

Makurunge

Wifi Zuhura ni mwanamke wa mwili, Mungu amzidishie, na gari lile lilitengenezwa na watu wembamba kwa ajili ya watu wembamba. Alijaribu kuingia kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mwishowe akageuka akajiachia kinyumenyume, na gari likashuka upande mmoja likasema neno. Tulipoondoka nilimpa shikamoo yake ya asubuhi, akaitikia marahaba, kisha hapohapo akainua simu na kuanza kazi.

"Mbwana, tumetoka. Linafuka. Nasema linafuka, lakini linakwenda."

Mpaka Makurunge alikuwa ameshatuma sauti sita. Nikamwuliza kama shahidi huruhusiwa kuchagua anachokiona, akasema yeye hachagui, yeye anasema linalotokea, na linalotokea ni moshi. Nikabadilisha gia. Mashoga zangu, nawaambieni kweli, kile kiti ninachokalia ndicho alichokalia Kombo asubuhi ya mwisho alipokwenda sokoni, na mgongo wake umeacha bonde ambalo mgongo wangu haulijazi. Nilikuwa naona moshi kwenye kioo na kuhesabu kilomita zilizobaki ningali nalo gari hili.

Makurunge tulisimama kula mihogo ya kuchoma na pilipili. Muuzaji alitaka kujua kama moshi ule ni wa kawaida kwa magari ya aina hiyo, nikamwambia ni mapambo. Mkabala na mihogo kuna duka la vipuri, na mwenye duka alituona kabla hatujamwona. Kijana nadhifu, miwani, koti jeupe mithili ya daktari. Alinisikiliza kwa huruma mpaka nilipotaja nzito, ndipo akashika kifua.

"Mama, wamekuua. Injini ya spoti unaipa ishirini-hamsini? Inakosa pumzi. Unaona moshi? Hiyo inakohoa."

Akaniwekea chupa ya oili ya sintetiki juu ya meza, akaigeuza nisome nyuma. Nikasoma. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu na Kirusi. Akasema hiyo inajisafishia njia yenyewe, inapita hata pale ambapo tundu halipo. Wifi Zuhura akasema kitu kinachopita pasipo na tundu huwa kinavuja, na kwamba mama yake alilea watoto saba bila sintetiki. Wakabishana hapo mpaka mihogo ikapoa. Mwisho kijana akatoa fatwa ya kati: tumimine robo lita tu, injini ionje, ikipenda itatuambia.

Ilituambia. Kilomita tano mbele, kwenye kioo sikuona tena barabara.

Mkange

Tulivuka mto Wami, tukaacha lami na kuingia kwenye vipande ambavyo barabara mpya haijafika. Gari langu lina tumbo karibu na ardhi, kwa hiyo kila tuta lilikuwa mazungumzo. Nikawa naliendesha mwendo wa bi harusi. Ngiri mmoja alituvuka, akasimama, akatutazama, akaendelea na safari yake bila kukimbia. Wifi akatuma sauti: "Mbwana, hata nguruwe mwitu wametupita."

Mkange injini ikaanza kugonga kidogo, mlio ambao sikuwahi kuusikia, nikasimama mbele ya duka. Nilikuwa sijashuka, watu wakaja wengi, wamevaa vizuri, na mzee mmoja amebeba bahasha ya kaki. Wakatusalimia kwa adabu sana. Wakatuletea viti. Kisha mzee akafungua bahasha akaanza kunionyesha mipaka ya shamba lake, mwembe hadi kisima, kisima hadi kichuguu.

Ilinichukua muda kuelewa. Tangu barabara ianze, kila gari linalong'aa linalofika pale huja kwa ajili ya ardhi: kupima, kununua, au kuwaambia watu waliopimwa kwamba walipimwa vibaya. Nilieleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu mwenye tatizo la oili. Wakatazamana. Mama mmoja akasema hata yule wa mwezi uliopita alisema amekuja kutazama ndege tu. Wifi Zuhura, badala ya kunisaidia, alimsikiliza mzee na bahasha yake kwa makini, akauliza maswali kuhusu kichuguu, na akaahidi kulifikisha jambo panapohusika. Hapo ndipo wali na kuku vikaja. Nilipomwuliza baadaye panapohusika ni wapi, akasema bado anafikiri.

Fundi wa Mkange anaitwa Kibwana, Mzigua, mtu wa pikipiki na mashine za kusaga, na nampenda mpaka leo kwa kuwa ndiye wa kwanza kuchomoa kile kijiti cha kupimia oili. Wengine wote walikuwa wanaijua kwa imani. Akakichomoa, akakifuta kwa kanga ya wifi kabla wifi hajasema neno, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakitazama. Akanionyesha. Oili ilikuwa imepita alama ya juu na kuendelea mpaka karibu na pa kushikia.

"Maashallah," akasema.

"Ni nzuri hiyo?"

"Mama, tele si kasoro. Wengine wanakuja hapa kavu kabisa, wanalia. Wewe unayo mpaka imebaki. Oili haizidi, oili ni sawa na heshima."

"Mbona inagonga, basi?"

"Wembamba. Nani kakutilia nyembamba?"

Tukamtaja kijana wa koti jeupe. Akasikitika. Akaongeza nusu lita ya ile anayotumia kwenye mashine ya kusaga, nyeusi, nzito, ikishuka taratibu kwa hiari yake. Kisha, kwa uungwana, akasema kama hali haitatulia, Saadani yupo dada mmoja anayetengeneza magari ya wageni, Mchaga, anaitwa Neema, huyo ameyasomea. Tukaondoka na baraka za kijiji kizima na nakala ya mipaka ya shamba.

Saadani

Sikufika Saadani, niliangukia Saadani. Kilomita za mwisho gari lilikuwa linakwenda kwa kukata na kuunga, moshi unaingia mpaka ndani, wifi amejifunika pua kwa ushungi na kuendelea kutuma sauti kupitia kitambaa. Nilizima mahali wanapoanika samaki. Nikaweka kichwa kwenye usukani. Nilisema kwa sauti kubwa, "Kombo, nisamehe," na wifi akateremsha simu bila kuituma hiyo.

Watu wakaja. Mvuvi mmoja mtu mzima akaniangalia mimi, akaangalia gari, akamwuliza wifi kama huyu mwenye gari jekundu amekwisha toka eda. Wifi akamjibu nimetoka juzi lakini asubiri injini ipoe. Na hiyo ndiyo ndoa yangu ya Saadani, yote, mwanzo mpaka mwisho.

Neema alikuja na ovaroli lililofungwa kiunoni, msichana wa miaka thelathini hivi, mchache wa maneno. Akachomoa kijiti. Hakusema maashallah. Akakifuta, akapima tena, akalala chini akatazama tumbo la gari, akanyanyuka, akajipangusa magoti. Nikajiandaa kusikia namba, tano-thelathini au ishirini-hamsini au nyingine ambayo bado haijatiwa. Yeye akaniuliza jambo jingine kabisa.

"Shikamoo, mama. Samahani. Umefiwa karibuni?"

Nikaitikia, nikasema ndiyo, mume.

"Na gari lilikuwa limesimama nyumbani wakati wa msiba?"

"Uani."

Akatikisa kichwa. "Basi wamelijaza. Baba yangu alipofariki, mama aliachiwa pikapu. Kila aliyekuja kutoa pole alitia oili kidogo, hataki kumsumbua mfiwa, hataki kusema. Tuliwasha wiki moja, injini ikafa. Yenyewe ina kipimo chake, mama. Ikizidi inapigwa povu, inapanda juu inaungua, inasukuma nje sili, yale mapira ya kuzuia oili. Hapa ugonjwa si oili ya aina gani, ni wingi wake. Watu wamekupenda kupita kiasi."

Nilikaa kwenye kreti la samaki. Siku zote zile za eda nilikuwa nasikia boneti ikifunguliwa na kufungwa taratibu uani, mchana, baada ya alasiri, na mimi ndani na kanga zangu nyeupe nikidhani ni watoto. Kumbe walikuwa wanakuja mmoja mmoja kufanya wema wa siri, kama tulivyofundishwa, mkono wa kushoto usijue. Na haukujua. Wala mikono ya majirani haikujuana.

Tukaanza kupiga simu. Fundi Shomari alikana kwa sekunde tatu. "Nusu lita tu, Mwalimu, kwa ajili ya Mungu. Nilijua marehemu hajabadilisha." Naibu imamu alisema nusu, akaniomba nisimwambie mtu maana akisema thawabu inapungua. Kinyozi alikuwa ametia tano-thelathini, kisha akasema, "Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa mkali." Muuza madafu, mashoga zangu, naye alitia. Aliomba ya kwenye chupa kwa dereva mmoja, ili asipitwe.

Nikamgeukia wifi. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya ushungi wake.

"Ya cherehani," akasema hatimaye. "Vichupa viwili vidogo. Niliona ni laini."

Neema alicheka mpaka akashika mlango. Akafungua nati ya chini, tukaweka dumu la lita tano, likajaa, tukaweka jingine. Injini ile inataka lita nne kasorobo. Tulitoa sita na nusu, na hapo hatujahesabu iliyobaki angani kati ya Bagamoyo na Mkange. Wifi, ambaye alikuwa karani wa ushirika enzi zake, alijumlisha wema wa kila mtu kwenye kiganja kwa kalamu, akaongeza Makurunge, akaongeza Mkange. Akajumlisha tena. Ilibaki lita nzima isiyo na mwenyewe.

"Mmoja hajasema," akasema.

Nilimwuliza Neema basi tuweke ipi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aniambie. Akasema ishirini-hamsini ya kawaida, isiyo ya fahari, kwa injini ya umri huo na joto hili la pwani inatosha. Naibu imamu alikuwa sahihi, ila asiambiwe. Akabadilisha filta, akamimina, akasimama kwenye alama. Akaniita nishike kijiti kwa mkono wangu mwenyewe. "Jifunze hapa, mama. Huu mstari na huu. Katikati. Asikuongezee mtu bila wewe kuchungulia." Nilichungulia mara tano. Nina miaka hamsini na nane na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua ndani ya gari langu kuna kiasi gani.

Likawaka. Moshi ulitoka kwa muda, mwepesi, ukakonda, ukaisha. Sili moja ilibaki inatoa tone, akasema hiyo itasubiri.

Bweni na pantoni

Wifi Zuhura alinunua ng'onda Saadani, samaki wa kukaushwa, fungu kubwa, akasema nyumbani hawaendi mikono mitupu. Buti la gari lile linaingia begi moja na nusu. Ng'onda wakakaa kwenye mapaja yake, madirisha wazi, na harufu yao ilikuwa na mamlaka kiasi kwamba hata kama moshi ungerudi nisingejua. Lakini kila mara nilitazama kioo na kuona barabara, mikonge, vumbi letu halali. Nilianza kuimba. Wifi hakutuma sauti yoyote kwa zaidi ya saa nzima, mpaka Mbwana akapiga mwenyewe kuuliza kama tumekufa.

"Tunakwenda," wifi akamjibu, akakata.

Bweni tulisubiri pantoni saa mbili kwa sababu ambayo ilielezwa mara tatu na kila mara ilikuwa tofauti. Ilipokuja, mlango wake wa kupandia ulikuwa umeinuka kidogo, na mtu wa pantoni akatazama tumbo la gari langu akasema haliwezi, nitalirarua. Ng'ambo nilikuwa naiona Pangani, na kwa macho yangu yaliyozeeka nilidhani naona kanzu zimesimama ufukweni. Ukoo mzima. Kufika mpaka pale na kushindwa kwa shubiri mbili za chuma! Nilitamani kulia. Wifi akashuka, na alipotoka yeye gari likanyanyuka kwa kima kinachoonekana. Mtu wa pantoni akaona. Abiria wakaona. Hakuna aliyecheka mpaka wifi mwenyewe alipoanza. Tulipita bila kugusa.

Pangani

Zilikuwa kweli kanzu. Shemeji Mbwana mbele, wazee wawili wa ukoo, na fundi waliyemleta wao. Nililipandisha gari kutoka pantonini taratibu, taa zimeamka japo ilikuwa alasiri, nikazima mbele yao. Mbwana alizunguka nyuma akainama kwenye ekzosi. Akaniambia niwashe. Nikawasha. Akaweka kiganja, akakigeuza, kikavu, cheupe. Fundi wao akafungua boneti akachomoa kijiti, nami nikasema kabla hajasema: "Katikati ya mistari." Akatazama, akaitikia kwa kichwa.

Wifi hakuweza kungoja tufike nyumbani. Akiwa amekumbatia ng'onda wake aliwasimulia wazee yote hapohapo: Shomari, naibu imamu, kinyozi na muuza madafu, na cherehani yake mwenyewe, lita sita na nusu kwenye injini ya nne, msafara mzima wa watu wema waliotaka kuliua gari kwa kulipenda. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa namtazama Mbwana nione anavyoshindwa.

Mbwana hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa boneti.

"Hiyo lita moja ni yangu," akasema.

Watu wakaendelea kucheka kidogo, kisha wakaacha.

"Tuliporudi makaburini. Watu walikuwa wamekaa kula. Mimi sikuweza kula. Nikazunguka uani, nikaliona limefunikwa. Kaka hakuwahi kuniruhusu niliguse. Nikaenda dukani nikanunua lita, nikaimimina yote, nikafunga." Akaufuta ukingo wa boneti kwa kiganja. "Sikujua kazi nyingine ya kumfanyia. Halafu nikawa nawaza nikilala, nani analitazama sasa? Litakufa. Nikasema nilichukue."

Tangu ile simu yake, mashoga zangu, nilikuwa nimemwekea mtu huyu maneno. Nilikuwa nimeyapanga, nilikuwa nayafanyia mazoezi njiani kati ya tuta na tuta, makali yote. Pale sikumwona tena wa kumwambia hayo. Nilimwona tu mtu aliyepotelewa na kaka yake.

"Gari ni lako, shemeji," akasema. "Wazee wamesikia."

"Nimesikia na mimi," nikasema. Kisha nikashuka, nikamshikia mlango. "Kaa."

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakaa, magoti yakagusa usukani, na mgongo wake, mashoga zangu, ukaingia kwenye lile bonde ukalijaza sawasawa. Akawasha. Akasikiliza. Akazima, akawasha tena, akaweka mikono miwili kwenye usukani na kulia mbele ya wazee na abiria wa pantoni. Nikasimama kwenye mlango uliofunguliwa nikalia naye, kilio ambacho katika siku zote zile za ndani sikukipata, na injini ikaendelea kunguruma bila moshi, na hakuna mtu aliyetuambia tunyamaze.